Wanaokula na Wanaoleta

Hotuba niliyoitoa mbele ya wazee, walimu na vijana, Ngamiani, Tanga. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimeondoa pale nilipopotea njia na pale kipaza sauti kilipogoma.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na nyie mliosimama dirishani, ingieni, viti vipo huku mbele. Najua ni mazoea ya darasani, mbele hakukaliwi, lakini leo sina chaki wala fimbo.

Nimeombwa nizungumzie umri wa watu na uchumi wa nchi. Nimefundisha jiografia miaka 36, nimestaafu 2024, na kwa miaka yote hiyo mada hii niliifundisha kwa kuchora piramidi ubaoni. Leo nitaanzia kwenye uani wa nyumba moja, si mbali na hapa tulipo.

Agosti 1988 nilikuwa na miaka 24, ndiyo kwanza nimeajiriwa, nikachukuliwa kuwa karani wa sensa. Nikapangiwa mitaa ya huku huku Ngamiani. Nikaingia nyumba moja ya vyumba sita, nikamkuta bibi yuko uani juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamsalimu, nikafungua dodoso langu kwa heshima zote, nikamuuliza usiku wa sensa walilala watu wangapi humu. Akanitazama, akafuta mikono kwa kanga, akasema: "Mjukuu wangu, waniuliza wanaokula au wanaoleta?"

Nikamwambia serikali yawataka wote. "Basi andika wanaokula kumi na wanne. Wanaoleta watatu, na mmoja katika hao yu kitandani wiki ya pili."

Vitabu vinaiita hesabu hiyo uwiano wa utegemezi. Unachukua walio chini ya miaka 15, unawajumlisha na waliotimiza 65 na kuendelea, unawalinganisha na walio katikati. Ni hesabu ya jumla na ina kasoro zake. Bibi yule alikuwa amepita 65, kwa hiyo kitabu kinamweka upande wa wanaokula, wakati ndiye aliyekuwa akilea wajukuu saba na kupika kwa ajili ya ukoo mzima. Na kijana wa miaka 30 anayeshinda barazani akicheza bao, kitabu hicho hicho kinamhesabu kuwa analeta. Lakini tukiwa na kasoro zake mkononi, hesabu hii inaeleza mengi kuhusu nchi maskini kuliko hesabu ya dhahabu iliyo ardhini.

Sasa tazameni nyumba yetu kubwa. Mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Muungano, tulikuwa watu milioni 12.3. Sensa ya Agosti 2022 ikatukuta milioni 61.7. Mara tano katika miaka 55. Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Wanafunzi wangu mliopo hapa mnaikumbuka kanuni: chukua 70, gawa kwa kasi ya ongezeko, utapata miaka inayohitajika idadi kuwa maradufu. 70 kwa 3.2 ni kama miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa ile, kasi isipobadilika, siku anamaliza chuo tutakuwa zaidi ya milioni 120.

Watu wengi wakifika hapo huanza kutishana. Mimi wingi peke yake haunitishi. Ninachouliza ni wingi wa akina nani. Katika hao milioni 61.7, kama asilimia 43 hawajatimiza miaka 15. Ni watoto zaidi ya milioni 26. Wazee wa miaka 60 na kuendelea hawafiki asilimia 6. Yaani nyumba yetu ina wanaokula wengi, na karibu wote ni wadogo. Hilo ni mzigo, na pia ni bahati, kwa sababu mtoto hakui kwenda nyuma. Ipo siku ataingia upande wa wanaoleta, kama atakuta cha kuleta.

Tumefikaje hapa? Si kwa sababu wanawake wetu walianza kuzaa zaidi. Wanazaa pungufu kuliko mama zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke. Utafiti wa afya wa 2022 ukakuta 4.8. Kilichobadilika ni makaburi. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya miaka mitano. Utafiti wa 2022 ukasema 43. Chanjo, vyandarua, maji, kliniki. Wazee mliozika watoto mnajua hesabu hii ina maana gani, sihitaji kuifafanua. Basi vifo vya watoto vimeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili, uzazi umeshuka kwa kama robo. Katikati ya mishuko hiyo miwili ndipo walipo watoto milioni 26.

Karibu nchi zote zilizopata maendeleo zilipita hapa. Vifo vinatangulia kushuka, uzazi unafuata nyuma kwa kuchelewa. Katika kuchelewa huko kinazaliwa kizazi kimoja kinene. Uzazi ukishuka, kizazi hicho kinafika umri wa kazi kikiwa na watoto wachache wa kulisha, na wazazi wao bado si wazee wengi. Kwa miaka 30 au 40 nyumba inakuwa na wanaoleta wengi kupita kawaida. Wachumi wanaiita faida hiyo gawio. Neno hilo tunalijua, kila mwaka tunaona kwenye runinga mashirika yanampelekea Rais hundi kubwa kama mlango. Lakini gawio hupewa mwenye hisa. Asiyenunua hisa anaangalia hundi ya mwenzake.

Korea Kusini ilinunua. Mwaka 1960 ilikuwa na miaka saba tangu vita visimame. Watoto chini ya miaka 15 walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya watu, kama sisi leo. Mwanamke alizaa wastani wa watoto sita. Mwaka 1962 serikali ikaanza kampeni ya uzazi wa mpango pamoja na mpango wake wa kwanza wa miaka mitano wa uchumi, vikaenda sambamba. Kufika katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa chini ya watoto wawili. Waliozaliwa wengi miaka ya 1950 wakawa ndio mafundi na wasichana wa viwandani wa miaka ya 1970. Na msidhani walianza na magari na simu. Walianza na plaiwudi, nguo na mawigi. Ndiyo, mawigi, nywele za bandia za kuuza Marekani.

Mwaka 1998 wachumi wawili, David Bloom na Jeffrey Williamson, walipiga hesabu ya ukuaji wa uchumi wa Asia ya Mashariki kati ya 1965 na 1990, wakakuta huenda hadi theluthi moja ya ukuaji ule ilitokana na mabadiliko haya ya umri. Hadi theluthi moja. Theluthi mbili zilizobaki ni jasho, shule na serikali iliyojua inakwenda wapi. Na leo Korea ile ile inahangaika. Mwaka 2023 wastani wa uzazi ulikuwa 0.72, na ilipofika mwisho wa 2024 mtu mmoja katika kila watano alikuwa na miaka 65 au zaidi. Sisi watu wa Tanga tuna jina la mji wetu linalofaa nafasi ya namna hiyo: waja leo, waondoka leo.

Lakini kwa nini niwapeleke Korea wakati somo lipo Muheza?

Mkonge uliletwa huku mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na kitovu chake kilikuwa mkoa huu. Nani aliukata? Baba yangu. Alikuja mwaka 1952 kutoka Kasulu, kijana wa kama miaka ishirini, kwa gari moshi, kupitia chombo cha wenye mashamba cha kuandikisha vibarua, kilichoundwa 1944, ambacho wazee mwakikumbuka kwa jina la SILABU. Akapewa namba na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, akawa manamba.

Mashamba yale yalichukua watu wa umri gani? Walichukua mikono. Vijana wenye nguvu, basi. Watoto walibaki Kasulu, Njombe na Songea, wazee walibaki huko huko. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja asiye na mke wala mwana. Mtoto alilelewa kwa muhogo wa mama yake miaka kumi na minane, hakuna kampuni iliyochangia hata senti, kisha nguvu zake zikaliwa hapa. Baba alikuwa akisema: "Nililelewa Kasulu, nikatumika Muheza." Tanga ilitajirika kwa gawio la watoto wa wenzake. Barabara, bandari, reli, majumba yale ya zamani mnayopigia picha za harusi, vimejengwa na nchi iliyokuwa na wanaoleta bila kulipia malezi ya wanaokula.

Halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakageuka pori. Mikono ile ikawa ya wazee. Kambini walibaki wanaume wasio na shamba, wasio na pensheni, na kwao hawakujui tena. Baba alikuwa mmoja wao. Pensheni yake tulikuwa sisi watoto, na tulikuwa tisa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wazee mmekuwa mkisimangwa kuhusu uzazi na watu wasiowauliza hesabu zenu. Mwasema kila mtoto huja na sahani yake. Wasomi wanacheka. Mimi sicheki. Mtu asiye na mfuko wa hifadhi, ambaye amezika watoto wawili, ambaye akiugua hakuna bima, akizaa watoto tisa amefanya hesabu sahihi kwa hali aliyomo. Ukimtaka azae watatu, mhakikishie kwanza kwamba watatu wataishi, na kwamba uzeeni kuna kitu kitamshika zaidi ya mtoto. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Zilikuwa fedha ndogo. Ila kwangu mimi huo pia ni uzazi wa mpango, japo hakuna aliyeuita hivyo.

Kuhusu sahani, nina neno moja. Sahani aja nayo kweli. Chungu ndicho kile kile.

Nilipokea mshahara wangu wa kwanza mwaka ule wa sensa. Kabla sijafika nyumbani ulikuwa umeshapata wenyewe: ada ya wadogo zangu wawili, dawa ya baba, unga, sare ya dada. Mwaka baada ya mwaka. Sikuwa mlevi, sikuwa na mambo mengi, na sikuweza kuweka hata shilingi. Kiwanja changu cha Mikanjuni nilikinunua mwaka 2003, nikiwa na miaka 39. Mshahara haukuwa umepanda kiasi cha kujivunia. Ni kwamba mdogo wetu wa mwisho alimaliza shule mwaka ule, na wawili waliomtangulia walikuwa wameanza kazi, wakasaidia kwa baba. Ghafla nikawa na kitu kinachobaki. Nikanunua kiwanja, mke wangu akanunua cherehani, cherehani ikazaa ya pili, akaajiri binti mmoja.

Nafasi ninayoizungumzia ndiyo hiyo, ikitokea katika familia moja. Ikitokea katika familia milioni kumi kwa pamoja, akiba inajaa benki, benki inakopesha, mwenye karakana ananunua mashine. Na serikali nayo, badala ya kila mwaka kujenga madarasa ili tu isizidiwe, inapata nafasi ya kumwongezea mwalimu aliyepo. Tulipofuta ada mwaka 2016 mimi nilikuwa darasani. Nilifurahi, watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuja. Nilikuwa pia na mkondo mmoja wenye watoto zaidi ya tisini, na wa nyuma walikuwa wakiniona mdomo tu.

Basi hisa zenyewe ni zipi? Nitasema moja tu kwa urefu, kwa sababu naiona imesahauliwa zaidi: msichana. Utafiti ule wa 2022 unasema mjini mwanamke anazaa wastani wa 3.6, kijijini 5.5. Tofauti hiyo haiko kwenye maji ya bomba. Binti wa mjini ana uwezekano zaidi wa kukaa shule, akichelewa shule anachelewa ndoa, akichelewa ndoa anachelewa mtoto wa kwanza, na huyo wa kwanza akichelewa, wa tano hatafika. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha zaa au ni wajawazito. Zaidi ya mmoja katika kila watano! Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba ruhusa hiyo inavunja Katiba, na mjadala uliofuata mnaujua. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Nimewapokea wawili kabla sijastaafu. Mmoja alikaa wiki tatu akaacha. Hakuna aliyemfukuza, alikosa wa kumwachia mtoto. Mlango ulifunguliwa, lakini nani alimshikia mtoto mlangoni?

Baba zangu na kaka zangu, msinitazame hivyo. Mimi ni baba wa mabinti wawili na mvulana mmoja, najua ninachokisema.

Tuseme sasa tumefanya yote hayo. Watoto wameishi, wamesoma, uzazi umeshuka. Je, gawio limefika? Waulizeni Watunisia. Uzazi wao ulishuka hadi kama watoto wawili kabla ya nchi nyingi za bara hili, vijana wao wakasoma. Desemba 2010 kijana wa miaka 26, Mohamed Bouazizi, muuza matunda wa Sidi Bouzid, akajichoma moto baada ya kunyang'anywa bidhaa zake. Januari serikali ikaanguka. Kizazi kinene kilifika mlangoni kikiwa na vyeti, mlango ukawa umefungwa.

Kwetu, gawa watoto milioni 26 kwa miaka 15. Ni kama vijana milioni 1.7 wanaotimiza miaka 15 kila mwaka. Kila mwaka, jamani. Tanga ina bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapo Chongoleani. Bandari imechimbwa kina. Nayafurahia yote mawili. Lakini bomba haliajiri kama mkonge. Wakati wa kulichimbia lahitaji mikono mingi, mafuta yakianza kutiririka lahitaji valvu na watu wachache mbele ya kompyuta. Mashine za bandari hali kadhalika. Ninyi mnaotafuta ajira kwa maelfu, itazameni Muheza msimu wa machungwa. Mnaijua harufu ile ya machungwa yaliyooza kando ya barabara. Mboga za Lushoto zinaondoka kwenye malori kwenda kuuzwa mbichi, zikifika nusu zimesinyaa. Kusindika, kukausha, kufungasha, kushona, kazi za namna hiyo ndizo zilizokula mikono ya Wakorea. Hazina sifa, hazina uzinduzi wa kukata utepe, na ndizo ninazozililia.

Kijana mmoja ameniandikia karatasi hapa: "Mwalimu, mbona Ulaya wanazeeka, si watatuita sisi?" Watawaita. Wanawaita tayari, manesi na madereva. Nenda ukipata, tuma fedha nyumbani. Lakini kumbuka maneno ya baba yangu, kulelewa Kasulu na kutumika Muheza. Safari hii Kasulu itakuwa ni sisi.

Na kuhusu uzee wenu nyinyi wenyewe, vijana, sitasema mengi kwa sababu hamtanisikiliza. Mwenye miaka 20 leo atatimiza 60 kabla karne hii haijaisha. Bodaboda haikati makato ya mfuko wa hifadhi. Ulizeni mnavyoweza kujichangia wenyewe.

Namalizia na sensa, kwa kuwa nilianza nayo. Agosti 2022 alikuja kwangu Mikanjuni karani, safari hii ana kishikwambi mkononi badala ya makaratasi. Nikamfahamu, nilimfundisha kidato cha nne, mtoto hodari wa ramani, akaenda chuo kikuu akapata shahada yake. Akaniamkia, akakaa, akauliza usiku wa sensa walilala wangapi humu. Nikamwambia wawili, mimi na mama yenu. Wanangu wote wako Dar es Salaam na Arusha. Akaandika. Mke wangu akamletea chai na mkate wa kumimina.

Nikamuuliza, mwanangu, baada ya hapa wafanya kazi gani? Akasema ana pikipiki ya mtu pale stendi ya Kange, anapeleka hesabu kila jioni. Nikamuuliza na hii kazi ya sensa je, haina mwendelezo? Akacheka, akafunga kishikwambi chake, akasimama.

"Ipo, mwalimu," akasema. "Mwaka 2032."